Chupa Iliyorudi kwa Oscar

Kiirua,
Jumapili alasiri.

Dada yangu mpendwa Kananu,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji Ndwiga na watoto wote hapo mtaa wa Dallas, Embu. Natumaini mko salama, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuachia ulale. Sisi huku tuko wazima. Winrose wangu amekuwa mrefu, sare ya shule inamfika juu ya magoti na mwalimu ameanza kulalamika. Baba anakula vizuri na amerudia ile tabia yake ya kubishana na redio, kwa hivyo jua kwamba anaendelea kupona.

Usishangae kuona nimeandika barua. Haya nitakayokuambia hayafai simu, maana nikiongea hapa nyumbani Baba anasikia kila neno, na ujumbe wa WhatsApp leo ni wako, kesho unasomwa na soko zima la Ruiri. Tafadhali kaa chini usome polepole.

Unajua kwamba kanola ya Baba, ule mmea wa mbegu za mafuta, iliharibika mwaka jana, lakini sikukueleza vile ilivyokuwa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuipanda, na iliota vizuri kabisa. Kisha wakaja wale wadudu weusi, wadogo kuliko punje ya wimbi, ambao ukiwakaribia wanaruka kama viroboto. Mmea ukiwa ndio umefungua yale majani mawili ya kwanza, wanayatoboatoboa mpaka yanafanana na chujio la chai, halafu mche unanyauka. Baba akaenda haraka kwa jirani yetu Oscar, mwenye duka la dawa za mimea hapa sokoni, akanunua chupa mbili. Akapiga ya kwanza vile alivyoelekezwa. Wadudu wakaendelea kula kana kwamba amewanyunyizia maji ya baraka.

Alirudi dukani kuuliza kwa heshima. Oscar akamwambia mbele ya wateja kwamba dawa haina makosa, makosa ni ya mzee asiyejua kusoma maandishi ya chupa, na kwamba kanola si viazi, awaachie waliokwenda shule. Watu wakacheka. Baba yetu, Kananu, aliyekuwa mzee wa kanisa kabla Oscar hajazaliwa, alitoka pale akiwa amevua kofia kama mtu aliyeshtakiwa. Tangu siku hiyo akaacha kwenda shambani. Akawa anakaa nyuma ya jiko akitazama ukuta. Ile chupa ya pili aliiweka rafuni bila kuifungua, na mimi nikaiacha hapo. Kila nilipofagia niliiona, na kila nilipoiona roho yangu iliwaka.

Ulinishauri kwenye simu nimsamehe Oscar. Nikakuitikia ili tusigombane, lakini sikumsamehe.

Mwaka huu nikaamua kulilima shamba mimi mwenyewe. Nilikwenda Meru mjini kwa ushirika nikachukua mbegu ambazo tayari zimepakwa dawa, kwa sababu mche ukila dawa kutoka kwenye mbegu, mdudu akiung'ata anakufa mapema. Nilisubiri mvua ishike vizuri ndipo nikapanda, ili miche isisimame muda mrefu ikiwa midogo. Nikaweka mabeseni ya manjano yenye maji ya sabuni pembeni mwa shamba, maana wale wadudu wanapenda rangi hiyo na wanajirusha wenyewe ndani. Kila asubuhi nilikuwa nimeinama kwenye mistari nikigeuza majani. Pia nilinunua chupa moja ya dawa halali hukohuko Meru, nikaiweka rafuni kando ya ile ya Baba, ikitokea wamenizidi. Hawakunizidi. Kanola yangu ilikua ikafunika udongo.

Oscar naye alisikia kwamba bei itakuwa nzuri akakodi shamba linalopakana na letu. Alipanda kwa kuchelewa, mbegu za kawaida zisizopakwa chochote, akisema mwenye duka la dawa hana haja ya kuogopa wadudu. Mvua ikakatika, jua likawa kali, na miche yake ikasimama palepale na majani yake mawili. Wadudu wakahamia kwake. Nilikuwa nikisimama kwenye mpaka nikiwatazama wakirukaruka, na nitakuambia ukweli, niliwatakia chakula chema.

Siku hizo yeye mwenyewe alikuwa Nairobi kutafuta bidhaa, kwa sababu dawa nzuri ilikuwa imeisha sokoni kote. Ndipo mke wake Ruguru akaja kwangu. Ni yule mama mpole wa upande wenu wa Embu, anayeimba kwaya. Alinisalimu vizuri, akaniambia mumewe, Baba Vincent, amepiga simu, amesema aniombe dawa na watairudisha mzigo ukifika. Alikuwa amevaa gambuti za mumewe, na matope yamemfika magotini.

Nikaingia ndani. Chupa zote mbili zilikuwa rafuni. Mkono wangu uliipita ile ya Meru ukaishika ya Baba, ile yenye muhuri wa duka la Oscar. Nikaifuta vumbi na kanga, nikampa Ruguru mikononi. Aliitazama kidogo, akaniambia Mungu anibariki. Jioni hiyo, jua likipungua, nilimwona akipita mistari yote na pampu mgongoni, hakuruka hata mmoja.

Oscar aliporudi alikuta udongo mtupu na vijiti.

Alikuja kwenye mkutano wa kikundi chetu cha wakulima, pale ukumbi wa kanisa, akiwa amechacha. Akasimama akasema mimi nina wivu, nimempa mke wake maji machafu ili nimharibie shamba, na anataka kikundi kinifukuze. Watu wakanigeukia. Nilikuwa nimejiandaa kujibu, lakini Ruguru alisimama kabla yangu. Akafungua leso yake, akatoa chupa tupu, akampelekea mwenyekiti wetu Mwiti. Mwiti akavaa miwani, akausoma ule muhuri kwa sauti, jina la duka na kila kitu. Kisha akauliza taratibu, "Oscar, hii si dawa yako?"

Oscar alikuwa amenaswa. Akikubali ni yake, amewauzia watu maji. Akikataa, muhuri ni huo. Akasema labda imepitwa na wakati. Mwiti akatafuta tarehe ya mwisho ya kutumika, akakuta bado haijapita. Hapo hakuna aliyecheka, na hilo lilimuuma Oscar kuliko kicheko. Kesho yake watu walifika dukani na chupa zao, waliokula hasara ya viazi, ya kabeji, ya kanola, na maafisa wa serikali walipokuja wakakuta chupa tupu na ndoo ya maji yenye rangi chumba cha nyuma. Duka limefungwa. Nilimsimulia Baba mara mbili. Mara ya pili aliniuliza kama wale waliomcheka walikuwepo mkutanoni. Nilipowataja, akaitika kwa kichwa, akaomba chai.

Nilifurahi, Kananu, sitakudanganya. Lakini Ruguru alinikaa rohoni. Nilimtumia kama fimbo, na yeye hakuwa amenikosea. Kwa hivyo alipokuja kwangu jana nilimwambia yote: kwamba niliijua ile chupa, na kwamba dawa halali ilikuwa kando yake.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama Winrose, mimi nilijua ulipoitoa tu. Vile vifuniko nilikuwa nafunga mimi, kwa kisu cha moto. Baba Vincent akisimama mlangoni kuangalia kama ninafunga sawa."

Nilimuuliza kwa nini basi alikubali kuipiga, shamba zima, na lilikuwa shamba lao. Akanijibu kwamba Oscar alipompigia simu kutoka Nairobi alimwonya asithubutu kugusa chupa zilizokuwa chumba cha nyuma, kwa sababu shamba hili ni lake. "Hivyo ndivyo alivyosema. Shamba hili ni langu, usiliharibu. Nikakumbuka wazee wote niliowapa zile chupa na mikono yangu, na baba yako akiwa mmoja wao. Nikasema acha na yeye aonje." Mimi nikafikiri ninalipiza kisasi changu peke yangu, kumbe mwenzangu alikuwa amebeba chake mgongoni, mstari kwa mstari.

Kisha akafunua shavu akanionyesha. Sitaandika zaidi kuhusu hilo. Oscar amebadilisha kufuli ya nyumba, na anatangaza kwamba mke ndiye aliyekuwa akichanganya maji. Ruguru ataandikisha taarifa yake kwa maafisa akiwa huko Embu, mbali naye, na Mwiti amekubali kwenda kuwa shahidi wake. Mimi pia nitakwenda.

Kwa hivyo, dada yangu, mwanamke aliyekukabidhi barua hii, na ambaye pengine amesimama hapo mlangoni ukiisoma, ndiye Ruguru. Mtoto aliye naye ni Vincent. Wape chumba cha nyuma mpaka ndugu zake waje kumchukua. Oscar akikupigia simu, na atakupigia, mwambie huku kwenu hakujafika mtu. Akiuliza mara ya pili, mwambie mimi ndiye niliyempeleka, aje aniulize mimi. Ninamngoja kwa hamu.

Baba anawasalimu sana. Msalimu shemeji Ndwiga, uwabusu watoto kwa niaba yangu. Nimempa Ruguru mfuko wa maharagwe ya njahi na viazi vya Kiirua, msiviache vioze. Mungu awalinde nyote mpaka tuonane.

Ni mimi nduguyo akupendaye,
Karwirwa