Mkate wa Daktari Orynbek

Dada yangu Kulpash,

Huku nyikani hatujambo. Farasi wa shangazi amezaa dume, na gari jipya la kazi linaniumiza mgongo.

Jumanne nilipima mionzi nyumbani kwa Daktari Orynbek. Ndiyo, yuleyule aliyekuwa akimpima mama kila bomu la nyuklia lilipojaribiwa huku, akayaficha majibu, akamwambia, "Una afya ya farasi, Rabiga. Nenda ukakamue ng'ombe." Hadi tunamzika alikuwa anamwamini.

Sasa amestaafu. Zizi lake, lango lake, hata benchi analootea jua, vyote ni vya mabomba yaliyofukuliwa kwenye uwanja wa majaribio. Nilivaa visikizi masikioni, nikasogeza kipimo cha mionzi kwenye benchi. Kilipiga kelele, dada, nusura nivivue!

"Vipi, binti?"

"Lina afya ya farasi, daktari."

Akacheka! Hakukumbuka hata kidogo.

Akaleta chai na mkate. Si unajua, kwetu mgeni haondoki bila kuonja mkate, na aliyeuonja hawezi tena kumtakia mwenyeji mabaya. Mimi nikapanda gari. Akanikimbilia na kipande mkononi.

"Binti, hujaonja! Japo kidogo tu!"

"Mimi ni mtoto wa Rabiga," nikamwambia, nikapandisha dirisha.

Hapo akaelewa. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni, mkate umemdondoka, anapapasa pa kukaa.

Akakaa kwenye lile benchi.

Usiniandikie kuniomba nirudi kumwonya.

Mdogo wako,
Batima