Mathe wa Maji

Mama,

Chumba chetu cha Silanga bado ninacho. Tangu tukuzike, landlord amepaka mlango buluu, ile rangi uliyoita ya kliniki, na pale ulipokuwa ukianika leso zako jirani amepanda sukuma bila kuniuliza. Nimemwachia. Ungekuwepo mngegombana wiki nzima, halafu ungeenda kumwomba majani ya kupika jioni.

Kuna jambo lazima nikuambie. Nimelibeba muda mrefu.

Unakumbuka attachment yangu ya kujifunza kazi ya ujenzi Kawangware, nikiwa mwaka wa tatu chuoni, msichana peke yangu kwa mjengo mzima? Siku ya pili nikakuona unaingia getini na mtungi wa maji ya zege kichwani. Hatukuwa tumeambiana tunafanya kazi mjengo gani. Fundi mmoja akaniuliza kama nakujua, nikasema, "Huyo ni mathe wa maji tu." Ulisikia. Najua ulisikia, kwa sababu ulipita kando yangu ukasema, "Habari ya kazi, injinia," kama mtu asiyenijua. Jioni ukanipakulia omena nyingi kuliko zako, ukinicheka kwa sababu ya helmet iliyonifika puani. Hukulitaja tena. Mimi pia. Miaka minane, Mama! Niliogopa wanaume wale wataacha kuniheshimu, na heshima yenyewe hata hawakuwa wamenipa.

Na ni siku hizo hizo ulizonifundisha, tukichambua mboga. Ulisema mafundi wakichoka wanaitisha maji, kwa sababu zege jepesi halisumbui mkono, ingawa likikauka halina nguvu. "Usiangalie zege, angalia wamama wa maji. Ukiwaona wanakimbia, ujue kuna mtu amechoka." Chuoni hakuna aliyeniambia hivyo.

Jumanne tulikuwa tunamwaga zege la ghorofa ya pili huko Satellite, Kawangware. Injinia wa mjengo ni mimi, ingawa wageni bado wananiuliza injinia yuko wapi. Baada ya chakula cha mchana nikaona wamama wanapanda na mitungi mbio mbio. Nikasimamisha kazi. Foreman, msimamizi wa mafundi, akapandwa na hasira mbele ya watu wote: "Madam, ni maji kidogo tu! Hiyo umetoa kwa kitabu gani?"

Jibu la kitabu nilikuwa nalo, refu, na hesabu zake. Nikasema, "Nimetoa kwa mamangu. Alibeba maji ya mjengo miaka kumi na tano, hapa hapa Kawangware."

Mama mmoja akatua mtungi wake, akauliza mamangu alikuwa nani. Nikamwambia, Mama Akinyi.

"Woi! Kumbe wewe ndiye yule Akinyi mamako alikuwa anatuambia habari zake kila siku? Injinia wake?"

Nikalia, Mama. Mbele ya wanaume wote wale, nikalia bila kujificha. Zege lile la maji maji likatupwa, jingine likachanganywa, na foreman mwenyewe akashika beleshi.

Kwa hiyo ulikuwa ukijivunia mimi kwa wenzako wote, na mimi nilikukana mbele ya fundi mmoja. Nisamehe. Kila mjengo nitakaoingia, nitawaambia mimi ni mtoto wa nani kabla hawajaniuliza. Hilo nakuahidi.

Pumzika sasa, Mama. Kichwa chako kimebeba vya kutosha.

Wako,
Akinyi