Habari Iliyofutwa

Jumatatu, 9 Juni

Nimefungua simu kabla sijanawa uso. Habari nyingi zinanisubiri. Programu ya milisho ndiyo gazeti langu: kila tovuti na blogu ninayoifuata hunimwagia ilichoandika, zote mahali pamoja. Siasa, nikaruka. Mapishi, nikaruka. Blogu ya kijijini kwetu siiruki kamwe. Anaiandika mwalimu mmoja wa huko: bei ya mahindi, daraja limebebwa na maji, nani kaoa. Leo hana jipya.

Kazini River Road, kwenye duka la uchapaji, wino umeisha, kadi za harusi hazijachapwa, na mwenye duka anapiga kelele. Nimenuna siku nzima bila sababu.

Jumanne, 10 Juni

Kazini, chai mkononi. Blogu ya kwetu: "Tunasikitika kutangaza kifo cha Mzee Barasa, fundi wa baiskeli pale sokoni."

Pale sokoni fundi wa baiskeli ni mmoja. Baba yangu.

Nikabonyeza. Ukurasa haupatikani. Nikaenda kwenye blogu yenyewe. Hakuna. Mwalimu ameifuta, lakini kwangu imebaki. Habari ikishaingia kwenye programu hii, mwandishi hawezi kuirudisha.

Kama ni uongo, ndiyo maana kaifuta. Kama ni kweli, wazee wamemwamuru aifute kwa sababu sisi watoto bado hatujaambiwa. Kwetu mtu hapewi msiba kwa simu. Anaambiwa njoo, mzee ni mgonjwa. Akifika anakalishwa, watu wanamshika huku na huku, ndipo anaambiwa.

Nimempigia baba. Kapokea binamu. "Mzee amelala, Nekesa." Asubuhi yote hii, mtu anayeamka kabla ya jogoo!

Jioni kapiga baba mdogo. Mzee amelemewa kidogo, niende. Nimchukue na kaka yangu Wekesa, nisimwache asafiri peke yake. Nikasema sawa. Naogopa sana.

Jumatano, 11 Juni

Nimeifungua ile blogu mpaka simu imepata moto. Kimya. Mwalimu hajaandika hata neno la kuomba radhi.

Grupu ya familia pia kimya. Hata shangazi, ambaye hajawahi kukosa kututumia mstari wa Biblia asubuhi. Nikaandika, "Hamjambo huko?" Wameona wote. Hakuna aliyejibu.

Labda mwalimu kakosea. Si mara ya kwanza. Aliwahi kumpongeza jirani yetu kwa kupata mapacha, kumbe aliyezaa ni mbuzi wake. Nimejichekea peke yangu mbele ya kompyuta, halafu nikaenda chooni kulia.

Nikampigia Wekesa kule Waithaka. Amesema atanipitia kesho asubuhi. Sauti imetulia kupita kiasi. Huyu anajua. Yeye ndiye kifungua mimba, lazima walimwambia kwanza, sasa wamemtuma anisindikize kama mtoto. Nimemkasirikia. Nguo zimekaa nusu ndani ya begi, nusu kitandani. Nyeusi niliitia, nikaitoa, nikaitia tena.

Alhamisi, 12 Juni. Ndani ya basi

Naandika kwa sababu siwezi kumtazama Wekesa.

Alifika kwangu Woodley mapema, na mfuko. Mkate, glukosi, soksi nzito za mzee, eti miguu yake hupata baridi. Nikaona hapo mchezo wa kuigiza umezidi. Nikamfokea mlangoni, kabla hata hajaingia.

"Wekesa, wacha kunichezea. Najua mzee alishakufa."

Akanitazama. "Nani amekufa?"

Nikajua papo hapo. Alikuwa hajui. Yeye pia baba mdogo alimpigia: mzee amelemewa, mchukue dada yako, usimwache asafiri peke yake. Maneno yale yale niliyoambiwa mimi.

Nikampa simu. Akasoma, akarudia, akaketi kwenye ngazi na mfuko wake magotini.

"Si ungeniambia tu, Neke?"

"Nilidhani we ndio unanificha."

Wazee walikuwa wameipanga kazi hii waifanye taratibu, ndugu wamekaa karibu. Nimeifanya mimi, kwa hasira, jirani akianika nguo. Najichukia. Tumefika Nakuru, na Wekesa ananiuliza tu kama nina njaa.

Ijumaa, 13 Juni. Nyumbani

Jana baba mdogo alitupokea kwake, si kwa baba. Viti vilikuwa tayari. Shangazi akakaa upande wangu, binamu upande wa Wekesa. Tukapewa maji.

Baba mdogo akaanzia mbali. Homa, kifua, gari la jirani, hospitali. Wekesa alinitupia jicho mara moja, kisha akainamisha kichwa. Nikamwelewa. Tukamwacha baba mdogo aifanye kazi yake. Alipofika kwenye jina la ndugu yake sauti ikamkatika, akaanza upya. Nilikuwa na habari hiyo tangu Jumanne, na bado nililia mpaka nikakosa pumzi. Wekesa alilia bila sauti.

Baadaye, watu walipotulia, Wekesa akauliza kama mzee alisema lolote mwishoni.

"Aliuliza kama mmeshaanza safari," baba mdogo akasema. "Nikamwambia mko njiani. Akafurahi."

Tulipigiwa simu mzee akiwa tayari yuko mochari. Mimi najua, Wekesa anajua.

"Asante, baba," Wekesa akasema.

Nami nikasema asante.