Nililinganisha Methani Vibaya, Mwanafunzi Wangu Akabeba Aibu

Mpendwa mshauri Wangoi,

Naomba msaada wako, na tafadhali usinicheke kabla hujafika mwisho, ingawa mke wangu Jawahir alishindwa. Mimi ni Murjan, mwalimu wa miaka arobaini na tatu, naishi Sarang'ombe na nafundisha Kawangware, ambako nasimamia chama cha mazingira kwa sababu siku ya kugawana kazi nilichelewa mkutanoni. Mwezi jana shule za Kibera na Kawangware zilishindana katika ukumbi mmoja pale Kabiro, na mada yetu ilikuwa kulinganisha gesi ya methani inayotokana na magari na uchukuzi wote, Kenya na Uganda, kwa miaka thelathini hadi leo. Kusema kweli, mpaka siku hiyo methani nilijua ni ya ng'ombe tu, lakini nilipata grafu mbili mtandaoni, nikazibandika kwenye karatasi moja kubwa, nikaona mstari wa Kenya umelala kama mkeka na wa Uganda unapanda tu, basi nikajaa fahari utadhani hewa ya nchi hii naipangusa mimi mwenyewe kwa kitambaa.

Aliyechaguliwa kusoma kazi yetu mbele ya majaji ni msichana wa Gredi ya Tisa anayeitwa Valerie. Siku tatu kabla ya mashindano alinijia darasani na daftari lake, wenzake wakisikia.

"Mwalimu, hii ya Kenya imehesabiwa kwa kila mtu, na hii ya Uganda ni ya nchi nzima. Ni kama kupima sahani yetu na sufuria ya jirani."

Mshauri, maelezo yalikuwa pale pale chini ya grafu, kwa herufi ndogo, na miwani yangu ilikuwa mfukoni kwa sababu nikiivaa nafanana na marehemu babu. Badala ya kuivaa nikamwambia, "Ukishakuwa mwalimu utachora yako." Darasa likacheka, naye akarudi kuketi.

Siku yenyewe nilivaa suti. Valerie alisoma vizuri, kisha jaji mmoja, Madam Nanyama, akauliza kwa upole, "Hii mistari miwili imepimwa kwa kipimo kimoja?" Valerie akanitazama. Nikamwinulia kidole gumba. Kidole gumba, mshauri! Akasema, "Ndio, Madam," naye Madam Nanyama akamwomba asome yale maelezo ya chini, akayasoma, ukumbi ukaguna, wengine wakacheka, naye akashuka jukwaani akilia. Mwalimu mkuu aliponiuliza imekuwaje, mdomo wangu ukawahi kujibu: "Mtoto alichanganya grafu."

Jumamosi iliyofuata babake, Chege, fundi wa viatu hapo Kabiro, alikuja kwangu na kifurushi cha mandazi. "Mwalimu, pole sana. Vile umejitolea, halafu huyu msichana wetu akakuangusha." Nikamjibu kwamba nimeshamsamehe. Nikala mandazi matatu. Tangu hapo Valerie haji chamani, hainui mkono darasani, na nasikia amewaambia wenzake kwamba sayansi si ya watu kama yeye. Nimefikiria kumnunulia zawadi, au kumpa cheo cha katibu bila kugusa yale mengine, maana nikisema ukweli nitawafundishaje tena? Nishauri.

Murjan, Sarang'ombe

Mwalimu Murjan,

Nimecheka, nakiri, lakini nilipofika kwenye mandazi nikaacha. Kukosea grafu si dhambi, hata wasomi wakubwa hukosea. Lakini mtoto alikuonya ukamfanya kichekesho. Alipokutazama pale jukwaani alikuwa anakuuliza kama anaruhusiwa kusema ukweli, nawe ukamwambia asiuseme. Kisha ukamtwika kosa lako na ukapokea pole ya babake! Amejifunza kwako kwamba anayeona sawasawa ndiye anayeaibishwa. Zawadi haiondoi hilo, na cheo cha katibu ni hongo.

Unauliza utawafundishaje. Ndugu yangu, darasa zima lilimsikia Valerie siku ile. Wanajua. Wasiojua ni mwalimu mkuu na Chege.

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi ingia kwa mwalimu mkuu, useme nani alichanganya grafu. Siku hiyo hiyo simama mbele ya lile darasa lililocheka, urudie, bila mzaha, maana naona mzaha ndio maficho yako. Mwandikie Madam Nanyama umweleze, wala usimwombe alama. Na kama Valerie atapenda, achore grafu upya, nchi nzima kwa nchi nzima, kila mtu kwa kila mtu, jina lake liandikwe juu. Asipopenda, usimlazimishe.

Lakini kabla ya yote hayo, Jumapili hii nenda kwa Chege. Valerie awepo, na uanze na yeye, si babake. Usiseme "kama nilikukosea." Sema, "Ulikuwa sahihi, nami nikakusingizia." Halafu nyamaza umsikilize, hata akichagua kutokusemesha.

Wangoi