Kikao cha Surua Kilichokaa na Mugonjwa

Kamati ya Bazazi, Kasungami. Jumatatu, nyumbani kwa Mwenyekiti, mu salon, chumba cha wageni.
Kwa Bureau ya Zone de Santé, ofisi ya afya ya eneo letu.

Munisamehe kukawia kuandika tangu juzi. Mwenyekiti aliomba kwanza nifute neno "surua", niweke "joto". Nilifikiria sana. Sikufuta.

Waliokuwepo: Papa Kalaba (Mwenyekiti), Mama Mujinga, bamama wengine na batoto mu mugongo, mimi secrétaire, mwandishi wa kikao, na Chancelvie wangu wa miezi saba. Tena Israël, mujukuu wa Mwenyekiti, amelala ku kiti kirefu cha canapé, chini ya blanketi.
Hakualikwa: Infirmier Élie, muuguzi wetu. Mwenyekiti anasema anatishaka bantu.

KUMB. NA. 1/ KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao kwa sala na kufunga madirisha, sababu ya vumbi.

KUMB. NA. 2/ KUTAMBUA SURUA
Mwenyekiti alieleza vizuri sana: homa kali, mafua, kikohozi, macho mekundu, kisha vipele vinavyoanzia nyuma ya masikio na ku uso. Kila dalili ilipotajwa, Israël alikohoa, kusudi tuelewe. Mama Mujinga aliuliza mutoto iko na nini. Mwenyekiti alijibu ni joto tu, na alishapakwa mawese.

KUMB. NA. 3/ KUZUIA
Iliamuliwa kwamba mutoto mwenye dalili asichangamane na wengine. Makofi yalipigwa, ya Mwenyekiti yakiwa ya nguvu zaidi.
Hapo Mama Mujinga aliinua blanketi, akaangalia nyuma ya sikio, akaona vipele. "Papa Kalaba, joto ya kwako inasoma dalili mbele ya kuingia mu mutoto?"
Mwenyekiti alikumbusha kwamba kamati haiko hospitali. Mama Mujinga alisema inaanza kufanana nayo.

KUMB. NA. 4/ MENGINEYO
Secrétaire alifungua madirisha, akamwambia Mwenyekiti: "Papa, sikuchekeshi. Mupeleke mutoto hospitali leo." Mwenyekiti alisema ataona.

Kikao kilifungwa saa kumi na moja ya mangaribi, kila mama akirudi na mutoto wake na hewa ya salon ile.

Mwenyekiti: hakusaini. Leo asubuhi ameona. Iko hospitali na Israël, anamushika mukono.
Secrétaire: Joëlle Mwenya

Frigo ya Infirmier Élie haina dozi ya chanjo hata moja. Anasema chanjo inaweza kusaidia aliyekaa na mugonjwa ikipigwa ndani ya siku tatu, na kwa mulipuko hata mutoto wa miezi sita anaweza kuipata. Kesho ndiyo mwisho. Mututumie basi:
vitamini A, kwa Israël na watakaofuata;
mutu wa kupita nyumba kwa nyumba kutafuta bagonjwa;
dozi kwa batoto wote wa kikao kile;
na kama gari ni ndogo, dozi kwanza. Chancelvie bado anacheka.