Losheni ya Nyokabi

Mami,

Nakuandikia nikiwa na wivu, na heri nikwambie mapema. Umeshatuacha, nyumba yetu ya Makongeni ina wapangaji wengine, mimi mwenyewe ni mama wa mtu, na bado namwonea dada yangu wivu kwa sababu ya losheni ya jua. Cheka kama unataka.

Kila asubuhi kabla ya shule ulimkalisha Nyokabi kwenye stuli. Mimi nilisimama mlangoni, mkoba mgongoni, nikingoja. Ulikamua losheni ikalala kwenye vidole viwili vizima, na hiyo ni ya uso na shingo tu. Ulianza na masikio kwa sababu ndiyo watu husahau. Kidole gumba chako kilimshika chini ya kidevu asigeuke. "Tulia, Maitu," ulimwambia, yaani mama yangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyechukua jina la mama yako. Mimi nina jina la mama ya baba, kwa hivyo nilikuwa Wanjiru tu. Nikiomba kupakwa, ulisema, "Wewe ngozi yako iko na nguvu. Mwenzako alizaliwa bila hiyo rangi ya kumkinga. Chukua mafuta yako utoke." Mafuta yangu ya mgando yalikuwa dirishani. Nilijipaka mwenyewe.

Najua ulikuwa na sababu. Mtoto mwenye ualbino haachwi kwa jua la Thika, hata ile Julai ya baridi na mawingu. Nakumbuka ulivyochanganya losheni yake na mafuta ili isiishe haraka, hadi daktari wa ngozi akakukaripia kwamba ukiipunguza hivyo, jua linapita. Ulirudi nyumbani ukilia. Mimi nilichowaza ni kwamba hata mafuta yangu ulimpa yeye.

Watoto wa majirani kwenye ploti wakimwita majina, alilia, nawe ulimwambia, "Usilie, Maitu, utaiosha," halafu ukampaka upya. Yeye akilia anapakwa. Mimi nikilia naambiwa nikanawe uso.

Siku ya mazishi yako Nyokabi alivaa kofia pana na mikono mirefu, akalia mpaka leso ikafuta kila kitu usoni. Kabla hatujamaliza kukufukia, nilimwona akienda kando ya hema, akatoa chupa, akajipaka tena, masikio kwanza. Shangazi mmoja alinong'ona kwamba huo si wakati wa urembo. Mimi nilijua si urembo. Ni wewe, Mami. Uko kaburini na bado unamshughulikia yeye! Hiyo iliniuma kuliko jeneza.

Sasa sikia. Nina mimba ya pili, na mashavu yamejaa madoa meusi. Muuguzi wa kliniki alisema ni ya mimba, ila jua huyazidisha, kwa hivyo nitumie losheni ya jua hata na huu weusi wangu. Nilinunua. Kumwuliza Nyokabi, sikutaka kabisa. Nilijipaka tone, nikatoka hapo hapo, na sikurudia mpaka jioni. Madoa yakazidi. Nikasema hiyo losheni ni ya bure.

Jumapili Nyokabi akaja kwangu Ngoingwa kutoka Gitothua. Aliponiona nikijipaka, alicheka akajishika mbavu. "Wanjiru, hiyo ni ya kuonja ama ni ya kupaka? Hebu kaa." Akakamua ya vidole viwili. Akaanza na masikio, kidole gumba chini ya kidevu changu. "Tulia. Hii inazuia ile miale kabla iingie kwa ngozi, lakini lazima ikae kwanza. Robo saa ndani ya nyumba, ndio utoke. Ukitoa jasho ama ukijifuta, unapaka tena. Masaa mawili yakiisha, unapaka tena. Na kofia bado unavaa, sawa?"

Mami, ulikuwa mkono wako. Uzito wake, mwendo wake, kila kitu. Kumbe alibaki nao. Nikaanza kulia kama mtoto.

"Usilie," akasema, "utaiosha." Akanipaka upya.

Bado nina wivu. Yeye aliupata mkono huo kila asubuhi, mimi nimeupata mara moja, tena kutoka kwake.

Nilipofungua macho, Nyambura wangu alikuwa mlangoni, ametukazia macho. Yeye alichukua jina la mama mkwe. Huyu anayekuja, akiwa msichana, atakuwa Wairimu, jina lako, na najijua: nitamwita Maitu, nitataka kumshika kutwa nzima. Lakini uchungu wa kusimama kule mlangoni naujua.

Pumzika, Mami. Kumwita mdogo Maitu sitaacha, usiniombe. Ila nakuahidi, kila asubuhi, wa kwanza kukaa kwenye stuli atakuwa Nyambura. Tumeshaanza. Leo losheni ilimwingia jichoni akalia, na mimi nikampaka upya.

Wanjiru wako