Finjani ya Posa na Mkono Uliolala

Mama Widad, mwamuzi wa nyumba zetu, salaam kutoka Karak.

Mji huu mzima hauna mtu mwenye bahati kama mimi Abu Mutasim, muulize umtakaye. Nimeendesha lori kutoka Akaba mpaka Baghdad miaka chungu nzima bila hata pancha ya maana, nimegombana na watu wa forodha wa nchi nne na wote wakaishia kunipa chai, na hata kiharusi kilipokuja mwaka huu kilinipitia kama mgeni mwenye haraka, kikanywa kahawa kikaenda zake, kikaniachia usingizi kidogo tu kwenye mkono wa kulia.

Sasa nisaidie, maana nyumbani kumewaka moto. Anakuja binti mmoja, Sundus, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na mwanzo nilimpenda, aliweka kioo katikati ya mikono yangu, ule mbovu ukajificha nyuma yake, akasema chezesha huu mzima huku unatazama kioo, nikauona kiooni kama vile mkono wa kulia ndio unaocheza, nikapiga ukelele hadi mke wangu akadhani nimekata roho. Lakini juzi kaleta glovu nene ya sufu, anataka kuuvika mkono wa kushoto na kuufunga saa kadhaa kila mchana, ili ule mvivu ukose pa kukimbilia.

Umm Mutasim akamjia juu: "We binti, mume wangu mbuzi wa Idi? Mmoja umelala, na wa pili unaufunga?"

Sundus hakuinua hata sauti. "Mama, ukiendelea kumlisha kwa kijiko, utamlisha mpaka kaburini."

Na kweli hunilisha, Mama Widad, na kijiko hukijaza vizuri. Ningenyamaza nile, ila Yazan, mtoto wa marehemu kaka yangu, niliyemlea mimi, anataka kuoa, na baada ya mavuno ya zeituni wazee wetu watakwenda kumposea. Kaapa: "Ami, kikombe cha posa hakishikwi na mwingine. Usipokwenda wewe, siendi." Kikombe hicho cha kahawa, anachopewa msemaji wa waposaji, hushikwa kwa mkono wa kulia, mbele ya wanaume wa koo mbili. Nikikiangusha, nimemwaibisha kijana. Binamu yangu yuko tayari kunishikia nafasi. Nimpe?

MAMA WIDAD ANAJIBU

Abu Mutasim, pole, na nyamaza kidogo nami niseme. Kama kiharusi kilikupitia tu, mbona unalishwa kijiko?

Mkeo anakupenda, na mapenzi hayo ndiyo yanayoulaza mkono wako. Mwambie nimesema mimi. Mkono usioitwa kazini husahau kazi.

Halafu hebu nikuulize, mansafu kwenu mnakula vipi? Mnasimama kuizunguka sinia, wa kulia unafinyanga tonge la wali na nyama, wa kushoto uko mgongoni. Babu yako alikula hivyo, na baba yake. Huyo Sundus mnayemfukuza kama mwizi wa kondoo kawaletea kitu gani kigeni? Anataka mkono wa kushoto ukae pale ulipokaa siku zote mbele ya chakula cha heshima! Vaa glovu. Ukimwaga wali, kuku watashukuru.

Anza na kikombe kitupu. Kishike, kiweke, kishike tena. Kisha tia dengu, kisha maji, kahawa ya moto iwe ya mwisho kabisa. Bega likiuma, simama umwambie Sundus, usijifanye dereva wa lori. Na mtu yeyote asikuvute kwa mkono huo kukuinua, hata kwa mapenzi.

Binamu yako abaki kwake. Posa yenyewe inakusaidia: ukipewa kikombe unakiweka chini bila kunywa mpaka ombi lijibiwe. Utapata muda wa kupumua. Nenda.

ABU MUTASIM ANAANDIKA TENA

Mama Widad, andika kwa herufi kubwa: TUMEPEWA!

Glovu niliivaa mpaka zeituni zikavunwa. Siku ya posa nilipokea kikombe kwa wa kulia, nikakiweka chini, nikasema maneno yangu, na sauti haikutetemeka. Baba wa binti akasema, "Kunywa kahawa yako, Abu Mutasim, mmepata mlichokijia." Ukumbi wote macho kwangu. Vidole vikafunga polepole kama mlango wa ghala kuukuu, kikombe kikapanda, kanzu ikapata sehemu yake, na mdomo ukapata iliyobaki. Yazan alikuwa analia na kucheka, mjinga yule.

Nikajazwa tena, nikanywa. Nikanyoosha kikombe nijaziwe mara ya tatu, mkono ukatetemeka wenyewe. Si unajua, kwetu ukitikisa kikombe umesema basi? Mwenye dele la kahawa akanipita! Bado nina kiu mpaka leo.

Umm Mutasim kamshonea Sundus nguo ya kuvaa kwenye harusi ya Yazan, naye atakaa meza ya familia.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wa kulia, ndiyo maana mistari inapanda mlima. Na ile bahati niliyokutambia mwanzo ni uongo. Kiharusi kiliniangusha jikoni, nikajikojolea, na niliogopa sana.